Kumbukumbu za Kikao cha Tatu

Mimi ni karani. Naandika yanayosemwa.
Wajumbe ni watano, viti sita,
na kiti cha sita kinayumba:
ndicho hupewa mlalamikaji kila mara.
Mvua ya Bukavu inapiga mabati, Mwenyekiti anapaza sauti
kama muuza makaa wa Kadutu.

Faili namba saba. Ntakwinja, Uchumi, mwaka wa tatu.
Alama zake: kumi na sita, kumi na tano, kumi na saba,
halafu nne.
Nne juu ya ishirini. Somo moja, mwalimu mmoja.

Anasema: Alifunga mlango. Alinishika.
Mwenyekiti ananigeukia:
Andika, "mlango ulifungika."

Ulifungika.
Kwa upepo gani? Ule wa ziwani haupandi ghorofa ya pili
kuja kuzungusha ufunguo.
Mwalimu wangu wa lugha alikuwa akisema
mtenda hukaa mlangoni mwa kitenzi;
ukitaka kujua ni nani, piga hodi pale mbele.
Nimepiga hodi kwenye "ulifungika."
Hakuna mtu. Mlango peke yake, na haya zake.

Mjumbe wa pili anauliza: Kwenu ni wapi?
Walungu, anajibu.
Mjumbe anatikisa kichwa polepole,
kana kwamba hilo lilikuwa jibu la swali lingine.
Kwa nini ulikwenda ofisini kwake?
Aliniita nichukue kitabu cha kozi, dola kumi, nilikuwa nazo mkononi.
Kwa nini hukupiga kelele?
Hapo ananyamaza, nami naandika: (kimya).
Hakuna aliyeniambia niandike urefu wake.

Mjumbe wa nne, mpole, mwenye miwani, anapendekeza "walishikana."
Ka-na. Herufi chache tu.
Ni mkia uleule wa pendana na pigana,
unaogawa mzigo nusu kwa nusu
hata kwa yule ambaye mkononi alikuwa na dola kumi.

Saa sita kasoro wanamwita msafishaji. Dakika tano, wanasema.
Mama Cibalonza anavua kandambili mlangoni; hakuna aliyemwomba.
Hataki kukaa.

*Sikuona kitu. Ndoo yangu ilikuwa ndani.
Jumanne maji hufika saa nne, saa tano yamekatika.
Nikapiga hodi. Nikapiga tena.
Nikashika kitasa, nikasikia ufunguo unacheza kwa ndani.
Maji yakaenda zake. Siku ile sikudeki ghorofa ya pili.*

Kwa hiyo hukuona, anasema Mwenyekiti.

*Sikuona. Mimi nasema ndoo.*

Mmoja anacheka kidogo, kisha anakohoa juu ya kicheko chake.
Mama anavaa kandambili, anatoka.

Jioni nimeshuka stoo, nimeomba daftari la usafi.
Kurasa zake zimevimba kwa unyevu, zinanuka sabuni.
Jumanne, tarehe kumi na nne. Ghorofa ya kwanza: tayari.
Ya tatu: tayari.
Ya pili: kistari kimoja cha kalamu nyekundu.
Wiki tatu tumetafuta ushahidi,
kumbe ulikuwa sakafu chafu.

Umeme umekatika nikiwa kwenye neno "mlango."
Nimemalizia kwa mwanga wa simu, betri asilimia tisa:
*Alifunga mlango. Alinishika.*
A, na a. Nimemrudisha mtu mlangoni mwa kitenzi chake.
Chini nimeambatisha nakala ya ukurasa wenye kistari.

Leo ni siku ya kumi na moja.
Karatasi ziko mezani kwa Mwenyekiti, chini ya kikombe.
Mahali pa sahihi ni peupe.
Ntakwinja amekuja mara mbili kuuliza;
mara ya pili hakuuliza, alisimama tu karibu na dirisha langu,
akaangalia mvua, akaondoka.

Asubuhi, kwenye korido, namkuta Mama Cibalonza anadeki.
Naye haulizi.
Anainua ndoo kidogo, nipite.